Mantiki ya kihisabati: mwanzilishi ni Boole au Frege?

Mleta mada: Walimu wengi wa falsafa husema kwamba mantiki ya kihisabati, yaani mantiki inayoandikwa kwa alama na kanuni kama hesabu, ilizaliwa mwaka 1879, pale Gottlob Frege wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, alipochapisha kijitabu chake, Begriffsschrift. Kwangu kauli hiyo inamdhulumu mwanahisabati Mwingereza George Boole, ambaye tangu mwaka 1847 alikwisha kuonyesha kwamba hoja zinaweza kukokotolewa kwa aljebra, hata akaandika kwamba x mara x ni x ileile, kwani ukichagua wavuvi miongoni mwa wavuvi unabaki na wavuvi walewale.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mleta mada, itazame sentensi hii: "Kila mlango una ufunguo." Haimaanishi kwamba upo ufunguo mmoja unaofungua milango yote, na hilo hata mtoto analijua. Hata hivyo aljebra ya Boole, kama mantiki ya Aristotle kabla yake, haikuwa na namna ya kuandika tofauti hiyo, kwa kuwa ilipanga vitu katika makundi tu bila kugusa uhusiano wa kitu na kitu. Frege ndiye aliyetangulia kuweka alama ya "kila" inayoweza kukaa ndani ya nyingine, na mfuatano wa alama hizo ndio unaotenganisha maana mbili za mlango na ufunguo.

Mchangiaji wa pili: Sawa, lakini nani alimsoma? Mwanahisabati Mjerumani Ernst Schröder alikihakiki kijitabu cha Frege mwaka 1880 bila kukithamini, na alama za Frege zilizopanda na kushuka ukurasani hazikupata wafuasi. Charles Peirce wa Marekani na mwanafunzi wake O. H. Mitchell walifika kwenye "kila" na "baadhi" kwa njia yao wenyewe. Mwanahisabati Leopold Löwenheim alipothibitisha nadharia yake maarufu mwaka 1915, alitumia alama za mkondo wa Peirce na Schröder, si za Frege.

Mchangiaji wa tatu: Tusisahau kwamba neno lenyewe "mantiki" ni la Kiarabu, na mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alichambua hoja zenye nyakati ndani yake.

Mchangiaji wa kwanza: Ni kweli, ila hakukokotoa, na mada ni ya kihisabati. Kuhusu alama nakubali kushindwa. Kuhusu wazo, hapana. Frege alidai kila kanuni inayotumika katika uthibitisho iandikwe waziwazi, pasibaki pa kuruka, na ni kwa sababu hiyo mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliweza, mwaka 1902, kumwandikia barua na kumwonyesha mkinzano ndani ya mfumo ambao Frege aliujenga baada ya kijitabu hicho. Mfumo usiotaja kanuni zake ungeuficha mkinzano huo kwa miaka.

Mleta mada: Hapo umenishika. Basi Frege apewe uthibitisho rasmi, na Boole abaki na ukokotoaji, uleule ambao mhandisi Mmarekani Claude Shannon aliutumia mwaka 1937 kuchambua saketi za swichi. Bado sioni kwa nini 1879 iifute 1847.