Mafumbo ya mantiki kwenye LSAT na GMAT: mlijifua vipi? Tupeane uzoefu

Mtoa mada
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Minnesota, shahada ya kwanza tayari, sasa natafuta chuo cha sheria na LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo hivyo, iko mbele yangu. Jamaa kanipa rundo la vitabu vya mafumbo: watu saba wamezunguka meza, nani kakaa pembeni ya nani. Mliopita njia hii, iwe LSAT, GMAT (ule wa kuingilia shahada za juu za biashara) au ndugu zake, mlijifua vipi? Naomba tuseme tuliyoyafanya wenyewe. Ya YouTube nimeshayaona.

Mwana wa Ilala
Mkuu, kabla hujafika mbali, angalia mwaka wa hivyo vitabu. Mafumbo ya kupanga watu LSAT wameshayafuta. Juni 2024 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Kuanzia Agosti 2024 kuna sehemu mbili za kupima hoja, moja ya ufahamu, na nyingine moja isiyohesabiwa kwenye alama, kila sehemu dakika 35. Chanzo ni kesi: watahiniwa wasioona walilalamika kwamba mafumbo yale kwa kweli yanamtaka mtu achore, na mwaka 2019 LSAC, wenye mtihani wao, wakayamaliza kwa makubaliano. Haki yao kabisa.

Mimi nilifanya enzi za mafumbo na sikuona kitu kilichonifunza kufikiri kwa mpangilio kama yale. Mfano: watu sita wanawasilisha mada, mmoja kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Asha anafuatwa papo hapo na Baraka. Daudi ni Alhamisi. Chausiku anatangulia kabla ya Eliza, si lazima wafuatane. Faraja hataki Jumatatu wala Jumamosi. Swali: nani anaweza kupewa Jumamosi?

Wengi wanaanza kujaza majina kwa kubahatisha. Wewe anza na kile kilichobanwa zaidi. Asha na Baraka wanatembea pamoja, Alhamisi imeshachukuliwa, kwa hiyo wana nafasi tatu tu: Jumatatu na Jumanne, Jumanne na Jumatano, au Ijumaa na Jumamosi. Chora mistari mitatu, kila mmoja na hali yake. Mbili za kwanza, Faraja haitaki Jumamosi na Chausiku lazima amtangulie Eliza, kwa hiyo Eliza anasukumwa hadi Jumamosi. Ya tatu, Jumamosi ni ya Baraka. Basi jibu ni Eliza au Baraka, hakuna mwingine.

Kidole Juu
Nimesoma mara mbili nikaenda kunywa maji. Mwenzenu niliacha hesabu kidato cha pili na sababu naikumbuka vizuri.

Mvita Damu
Hiyo si hesabu ndugu yangu, ni subira. Mimi nilifanya GMAT Nairobi, hii mpya yenye sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Mafumbo ya kupanga watu hayamo kwa sura hiyo, lakini uchambuzi wa data una maswali 20 na kuna aina moja inayowaangusha hata mainjinia. Hawakuulizi jibu. Wanakuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Kwa mfano: je, x ni kubwa kuliko sifuri? Taarifa ya kwanza, x kipeo cha pili ni 9. Haitoshi, maana yaweza kuwa 3 au hasi 3. Taarifa ya pili, x kipeo cha tatu ni 27. Hiyo yatosha, funga, songa mbele. Mtu aliyezoea kukokotoa hadi mwisho anapoteza dakika zake hapo. Mimi nilijizoeza kila taarifa kuisoma peke yake huku ile nyingine nimeifunika kwa kiganja, kama mtoto anayeficha daftari. Ulaji wa muda ulipungua sana.

Shifti ya Usiku
Mtoa mada, hongera kwa kuthubutu. Mimi ni muuguzi, nilisomea LSAT mapumziko ya kazini, na sikuwa na hela ya tuisheni. LawHub, tovuti ya LSAC wenyewe, ina mitihani kadhaa ya bure, anzia hapo. Kilichonibeba ni daftari la makosa. Kuandika jibu sahihi hakukunisaidia kitu. Nilichoandika ni kwa nini lile jibu baya lilinivutia. Baada ya muda nikaona navutwa na kitu kilekile kila mara: hoja iliyogeuzwa. Kila aliyelipa ada amepewa kitambulisho. Juma ana kitambulisho. Basi Juma kalipa ada. Inasikika vizuri, lakini haisimami, huenda walipewa na wengine. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba asiye na kitambulisho hajalipa. Mtego huo wameuvalisha nguo mia: mara madaktari, mara ndege wa porini, mara bei za mafuta. Ukishauona mifupa yake, nguo hazikusumbui.

Mwana wa Ilala
Dada Shifti umemaliza. Na hapo ndipo vile vitabu vya zamani bado vina faida, kanuni ya "ikiwa hivi, basi vile" imejaa humo. Ila wiki moja au mbili, basi.

Mzee wa Saa
Mimi napinga kidogo. Mnaongea kama vile kuna muda wa kutafakari. Wekeni saa mezani tangu siku ya kwanza, mtihani ni mbio.

Shifti ya Usiku
Kaka, ukikimbia kabla hujaijua njia utapotea haraka zaidi. Mimi mwanzo sikuweka saa kabisa. Nilipoanza kupata majibu kwa sababu ninazoweza kuzieleza, ndipo nikaweka dakika 35. Na swali lolote usiliache wazi, LSAT haikati alama kwa kukosea. Zikibaki sekunde, jaza.

Mvita Damu
Hapo GMAT ni tofauti, una ruhusa ya kurudi kubadilisha majibu matatu tu kwa kila sehemu. Yaweke akiba.

Mtoa mada
Nashukuru sana wakuu, vitabu nimevipunguza. Swali jingine: ile sehemu isiyohesabiwa, mtu anaweza kuitambua akapumzika?

Shifti ya Usiku
Huwezi. Inafanana na nyingine na hawakwambii. Fanya zote.

Mtoa mada
Sawa dada. Kuna aliyefanya kutokea nyumbani kwake na watoto wapo? Alipanga vipi?