Tangazo moja kwa SMS, WhatsApp na redio: mbona halipokelewi sawa?

Karani_Umoja
Habari zenu wakuu. Chama chetu cha wakazi huku Umoja hutangaza mikutano kwa SMS, kwenye grupu la WhatsApp na kwa redio ya jamii. Maneno ni yale yale, tunanakili tu. Wazee wanasema SMS zetu hazina adabu, vijana hawafungui bango la picha tunaloweka WhatsApp, na waliosikia redioni wanafika saa zisizo zao. Kweli tuandike mara tatu? Na salamu tuziweke wapi?

MtuWaStudio
Mara tatu, naam. Msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma. Yuko jikoni au ndani ya matatu. Sekunde 30 zisizidi maneno 60 hivi, la sivyo mtangazaji atakimbiza na namba ya simu imezwe. Siku na mahali vitajwe mara mbili, ya pili iwe mwishoni kabisa. Kuhusu saa, mkimpa karatasi yenye "9:00 asubuhi" kuna atakayesoma "saa tisa", na watu waje alasiri. Andikeni kwa maneno, "saa tatu asubuhi", vile itakavyotamkwa. Salamu za redioni mwachieni mtangazaji, msilipie sekunde zake.

Wazee hao mwaelewe lakini. Walizoea kadi za salamu zikisomwa redioni, jina baada ya jina. Zilizokata salamu ni SMS.

HerufiMiaSitini
Na zilizikata kwa hesabu. SMS moja ni herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukizidisha, inagawanywa vipande vya 153. Humo ndimo "wa2" na "cjui" zilimopata nguvu.

Kinachowala pesa kimyakimya ni ritifaa, kile kialama cha juu cha ng'. Mkiandika kwenye Word, programu huipinda yenyewe: Lang’ata badala ya Lang'ata. Iliyopinda haimo katika alfabeti ya msingi ya SMS, basi ujumbe mzima unahamia Unicode, mfumo mpana wa herufi za lugha zote, na nafasi zinashuka hadi 70, au 67 kwa kipande ukigawanywa. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja sasa ni tatu, na anayewatumia SMS kwa wingi atawatoza tatu kwa kila mkazi. Emoji moja hufanya vivyo hivyo. Bandikeni maneno kwenye Notepad, futeni kila ritifaa, mchape iliyonyooka, kisha mhesabu.

"Hamjambo wakazi." ni herufi 16 na nukta yake. Hamkosi nafasi ya adabu.

Shangazi_wa_Grupu
Bango la WhatsApp lisiende peke yake. Maneno yaliyo ndani ya picha ni vigumu kuyatafuta baadaye, na namba ya simu haibonyezeki kama ya maandishi. Rudieni yote chini yake, tena mweke MWAKA. Mabango huzunguka na kuibuka miezi mingi baadaye, mtu akajitayarishia mkutano uliokwisha.

Msitegemee kufowadi. Tangu 2020, ujumbe uliopita mikono mingi, wenye mishale miwili, hupelekwa gumzo moja moja tu, na wengi wakiiona mishale hiyo huuhesabu porojo. Kila mwakilishi wa ploti anakili maneno na kuyatuma kwa jina lake. Kwa wazee, ujumbe wa sauti wa sekunde 40: salamu kwanza, jina la anayesema, kisha habari. Hapo salamu haina bei, msiibane.

Chali_wa_Eastlando
Sheng mwachie kijana aiandike mwenyewe. Ya mwaka juzi ikitoka kwa mwenyekiti, itapigwa skrinishoti ya kuchekwa, na mkutano hakuna atakayeukumbuka.

Karani_Umoja
Asanteni sana. Swali la mwisho: grupu tulifunge, waandike wasimamizi pekee?

Shangazi_wa_Grupu
Saa moja tu baada ya tangazo, ndugu Karani, lisizame chini ya memu. Kisha fungueni. Likifungwa moja kwa moja, maswali yatahamia grupu la pembeni ambako hamtayaona. Ujumbe wenyewe ubandikeni juu ya gumzo. WhatsApp inatoa saa 24, siku 7 au siku 30. Chagueni 7, na mtangaze ndani ya wiki hiyo.