Projekta ya kuchezea gemu: tuulize lumeni kwanza, au kuchelewa kwa picha?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Hapa Dodoma kijana akitafuta projekta ya kuchezea PlayStation au Xbox, kila anayemwomba ushauri anamjibu lumeni, yaani kipimo cha mwanga. Jua letu kali, chukua yenye mwanga mwingi, umemaliza. Wengine wanamwambia aachane nayo kabisa, anunue TV. Mimi napingana na pande zote mbili. Kwa gemu, cha kwanza kuulizia ni picha inachelewa kiasi gani tangu ubonyeze pedi hadi uione ukutani.

Yamenikuta. Nilinunua projekta iliyoandikwa 4K kwenye boksi, na lumeni za kutisha. Nikaifunga sebuleni kwangu Nkuhungu, mpwa wangu akachomeka PS4, wakaanza mechi na mwenzake. Picha imejaa ukuta mzima, nzuri mno. Beki wake anakwenda kukaba, anabonyeza, beki kasimama tu. Straika keshapita ndipo mguu unanyooka. "Mjomba, nimebonyeza!" Akabadilisha pedi, tukabadilisha waya wa HDMI, hali ileile. Tulipoingia kwenye menyu tukakuta kistoni imewashwa, ile ya kunyoosha picha iliyopinda. Nayo inaongeza kazi ndani ya mashine, kwa hiyo picha inazidi kuchelewa. Tukaizima, tukaiweka projekta mezani ikitazama ukuta sawasawa, tukachagua hali ya gemu. Nafuu ikaja, lakini ndogo. Na ile 4K? Ilikuwa na maana kwamba inapokea picha ya 4K. Yenyewe inaonyesha nukta 1280 kwa 720 tu, wakati 4K ni 3840 kwa 2160.

Tupige hesabu. Gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa kama milisekunde 16.7. Projekta ikichelewa milisekunde 100, unachokiona ukutani kimeshapitwa na picha sita. Kipa gani atadaka penalti hapo? Zipo projekta za gemu zinazoshuka hadi karibu milisekunde 16, na kwa picha 120 kwa sekunde zinashuka chini ya 10. Hiyo ndiyo namba ya kumdai muuzaji.

Wanaotetea mwanga wana hoja, saa nane mchana hapa si mchezo. Lakini pazia zito linasaidia, na wengi wetu tunacheza usiku. Tena lumeni zisizotajwa kuwa zimepimwa kwa viwango rasmi vya ANSI au ISO mimi sizihesabu.

Wa TV nao nawaelewa: inang'aa zaidi, na nyingi zinachelewa kidogo. Ila TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Picha ya inchi 100 inafika 221, na eneo lake ni zaidi ya mara tatu. Watoto wanne wakigawana skrini moja ndipo utaona faida yake. Pima chumba kwanza lakini: projekta yenye uwiano wa 1.2 (umbali wake kutoka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha) inataka kama mita 2.65 kutoka ukutani kutoa upana huo, na chumba cha kupanga mara nyingi hakina nafasi hiyo ukishaweka kitanda na kabati.

Vumbi letu la kiangazi nalo lisisahaulike, chujio lisafishwe. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto. Projekta inayotumia taa iwekewe UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Sasa hoja yangu kubwa. Nasema muuzaji aruhusu mteja achomeke konsoli yake dukani kabla ya kulipa. Niliyenunua kwake alikataa, akasema boksi likifunguliwa halirudi. Ndugu zangu, anayeuza redio anaiwasha, anayeuza pikipiki anaipiga kiki mbele yako. Mechi moja ya dakika kumi ingeniokolea pesa yangu yote. Wenye maduka, mnaogopa nini kufungua boksi moja la kujaribia? Na nyie mlionunua, mlijaribu kwanza au mliamini maandishi?