Mawimbi ya Wi-Fi hayafiki chumba cha nyuma

Swali: Ruta yangu ipo sebuleni, nyuma ya televisheni, na chumba cha nyuma, kilichotenganishwa nayo na kuta mbili za zege, hakipati mawimbi ya kutosha. Nifanyeje?

Jibu: Iondoe kwanza nyuma ya televisheni, kwa kuwa vyuma vyake huzuia mawimbi, uiweke juu ya kabati katikati ya nyumba. Kisha tumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Jibu: Nakubali, ila zege lenye nondo ni kaidi. Mimi nilipitisha waya hadi chumbani nikafunga ruta ya pili.

Muulizaji: Nimeihamisha. Mlangoni sasa mawimbi yanashika, lakini kitandani bado hakuna kitu, nitatafuta waya.