Je, nadharia ya kisayansi inaweza kutiwa hatiani kwa maovu yaliyotendwa kwa jina lake?

Mwalimu wa Tandika

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Temeke, na mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha nne Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ili wajifunze habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959. Tulipokuwa tukitoka, binti mmoja aliniuliza jambo ambalo sijalipatia jibu hadi leo. Alikuwa amesikia kwamba Wajerumani walibeba mafuvu ya babu zetu hadi Berlin ili yakapimwe, naye akataka kujua kama fuvu la makumbusho na yale ya Berlin si habari moja: kwamba watu wakishafundishwa kuwa binadamu alitokana na viumbe waliomtangulia, hakosekani mtu wa kusimama na kusema kuwa baadhi yetu bado tuko nyuma njiani.

Niliporudi ofisini nikamsimulia mwalimu mwenzangu, naye akasema bila kusita kwamba pasingekuwa na Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, pasingekuwa na Hitler, na kwamba mti hujulikana kwa matunda yake. Nilimjibu kuwa nadharia ni kama kisu, kosa ni la mkono ulioshika mpini. Lakini jibu langu mwenyewe halikuniridhisha, kwa sababu kisu hakisemi lolote, ilhali nadharia inasema. Naomba mnisaidie: ni haki kuilaumu nadharia yenyewe, au lawama iishie kwa walioitumia?

Mzee wa Upanga

Mwalimu, nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakiri kwamba wanafunzi wangu wachache waliwahi kunibana namna hiyo. Naomba nianze na tarehe, maana ndizo watu huzisahau wanapogombana. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka Novemba 1859. Samuel Morton wa Philadelphia alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake kikubwa cha mafuvu mwaka 1839, miaka 20 kabla, naye alikuwa akiyajaza mafuvu hayo mbegu, na baadaye gololi za risasi, ili ajue ni watu wa taifa gani walio na nafasi kubwa zaidi ya ubongo. Louis Agassiz wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeshikilia kwamba Mwafrika na Mzungu waliumbwa kila mmoja kwa asili yake, aliipinga nadharia ya mageuko hadi alipofariki mwaka 1873. Sidai kwamba alikuwa na sababu moja tu ya kuipinga, lakini ni wazi kwamba kwake hiyo haikuwa silaha. Ilimwambia kuwa yeye na mtumwa wa shamba la pamba wana babu mmoja, na hilo hasa ndilo alilokuwa akilikana.

Na wale waliokuwa wakiuza watu hapa jirani, Bagamoyo, hawakuhitaji kitabu cha Mwingereza yeyote. Sisi wenyewe tunasema "mwenye nguvu mpishe", na aliyetunga methali hiyo hakuwa amesoma habari za uteuzi wa asili. Ubabe ulitangulia, sayansi ilipokuja, wababe waliiona ni vazi zuri wakalivaa. Hata mafuvu anayoyaulizia binti huyo yana mfuatano wa aina hiyo. Mkwawa alifariki mwaka 1898, na fuvu lake likarudi Kalenga mwaka 1954. Mangi Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900, na ukoo wake bado unakitafuta kichwa chake. Hao walikuwa viongozi waliokataa kutawaliwa, na vichwa vyao vilitafutwa kwa sababu ya vita. Mizani na rula za wapimaji zilikuja nyuma ya bunduki.

Msomaji wa Sinza

Shikamoo Mzee. Nimekusoma kwa makini, lakini naona umemtoa mshtakiwa mlango wa nyuma kabla ushahidi haujasikilizwa. Mwaka 1871, katika kitabu chake kuhusu asili ya binadamu, Darwin mwenyewe aliandika kwamba katika siku zijazo, zisizo mbali sana zikipimwa kwa karne, mataifa yaliyostaarabika karibu hakika yatawaangamiza wale aliowaita washenzi na kuchukua nafasi zao duniani kote. Hayo hayakuongezwa na mfuasi mpotovu. Halafu binamu yake, Francis Galton, ndiye aliyebuni mwaka 1883 jina la yujeniki, yaani mpango wa kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuamua nani azae na nani asizae.

Kutoka hapo hatuzungumzii tena wahuni wa mitaani. Tunazungumzia maprofesa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu, kwa kura nane dhidi ya moja, binti wa Virginia aitwaye Carrie Buck afungwe uzazi bila ridhaa yake, na chini ya sheria za namna hiyo zaidi ya Wamarekani 60,000 walifanyiwa hivyo. Ujerumani ilipitisha sheria yake Julai 1933, na takriban watu 400,000 wakafungwa uzazi. Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, katika Namibia ya leo, mwaka 1908, wakati mauaji ya Waherero na Wanama yalikuwa hayajapoa, akawapima watu wa damu mchanganyiko kwa kutumia kanuni za urithi za Mendel. Mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa taasisi kubwa ya taifa ya anthropolojia Berlin. Tunaposema "sayansi ilitumiwa vibaya", tunazungumza kana kwamba wanasayansi walikuwa wamelala na mwizi akaingia dirishani. Wao ndio waliokuwa na funguo.

Mzee wa Upanga

Marahaba. Sentensi ya mwaka 1871 ninaifahamu, na sitaitetea. Ila uisome kwa jinsi ilivyo: ni utabiri wa mtu aliyeona himaya ya nchi yake ikiwamaliza watu wa Tasmania, akadhani mwenendo huo utaendelea. Mdomo wa finchi, ndege mdogo wa visiwa vya Galápagos anayetolewa kuwa ushahidi wa nadharia yenyewe, hautegemei utabiri huo. Kuhusu Fischer na wenzake sina la kubishana nawe.

Daktari wa Kigamboni

Nimefuatilia mjadala huu usiku, baada ya zamu, na nadhani wakubwa wangu wawili mnabishana juu ya vitu viwili tofauti mkiviita kwa jina moja. Iko nadharia, na wako watu waliokula kiapo cha kuitunza. Napendekeza jaribio dogo, ambalo mwalimu anaweza kulifanya darasani: ondoa dai la kwamba kundi fulani la watu ni duni, kisha utazame kinachobaki.

Uliondoe katika nadharia ya mageuko, na karibu kila kitu kinabaki mahali pake. Viumbe bado wanatofautiana, wanazaa wengi kuliko mazingira yanavyoweza kuwalisha, na wenye tabia zinazofaa mahali walipo wanaacha watoto wengi zaidi. Sisi madaktari tunaishi na nadharia hiyo kila siku, maana vimelea vya malaria vilivyoizoea klorokwini hadi tukaiacha havikusoma siasa popote. Lakini hapa Afrika Mashariki tulikuwa na nadharia za aina nyingine. Mwaka 1934 Vint, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alichapisha matokeo ya kupima bongo za Waafrika waliofariki, akahitimisha kwamba hazikukua kufikia kiwango cha Wazungu. Mwaka 1953 Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, alichapisha kupitia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichomfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akawaandikia wakoloni maelezo ya saikolojia ya Mau Mau. Ondoa dai la uduni katika kazi hizo. Hakibaki kitu. Huwezi kusema zilitumiwa vibaya, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa matumizi yake tangu mwanzo.

Vivyo hivyo nadharia ya Wahamiti. Speke, msafiri Mwingereza, aliiandika mwaka 1863, akidai kuwa watawala wa maeneo ya maziwa makuu, Watutsi wakiwamo, walitoka Ethiopia kwa sababu tu hakuamini kwamba Mwafrika mweusi anaweza kujenga dola. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake Kagera, na wenzetu wa Kagera wanakumbuka kilichokuja na maji mwaka 1994. Nadharia hiyo mimi ningeitia hatiani yenyewe, pamoja na mwandishi wake, bila kumtafuta mtu wa tatu.

Bwana shamba wa Mbezi

Naomba kuongeza upande mmoja ambao haujaguswa. Iko nchi iliyojaribu kuihukumu nadharia kwa sababu ya wafuasi wake. Katika Umoja wa Kisovieti, elimu ya urithi ya Mendel ilishutumiwa kuwa ya kibepari na ya kifashisti, na hoja waliyoitumia ilikuwa ileile ya mwalimu mwenzako, kwamba imezaa ubaguzi wa Ujerumani. Trofim Lysenko, aliyeipinga elimu hiyo, alipewa uwanja, na Agosti 1948 mafundisho ya jenetiki yakafutwa rasmi. Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia, Ethiopia ikiwamo, akikusanya mbegu ili watu wasife njaa, alikamatwa mwaka 1940 akafariki gerezani Saratov mwaka 1943. Sisi tuliosomea kilimo tunamtaja kwa heshima hadi leo. Kwa hiyo anayetaka kuitia nadharia hatiani na aseme kwanza kama ni ya uongo. Kama ni ya kweli, sijui adhabu yake itakuwa nini isipokuwa kuifungia, na waliofungia waliharibu mashamba yao wenyewe.

Msomaji wa Sinza

Bwana shamba, hoja yako inanigusa, na jaribio la Daktari nalikubali kwa sehemu kubwa. Bado ninashikilia jambo moja. Nadharia inapozungumza habari za binadamu, mwenye kuitangaza anajua iko katika soko gani. Kama naishi katika mji ambao watu wanatafuta sababu ya kumfukuza jirani, nami nikatangaza kwa herufi kubwa kwamba majirani hutofautiana kwa damu, siwezi kujitetea baadaye kwamba sikutaja jina la mtu. Ukweli wa sentensi hauniondolei wajibu wa kusema, palepale na siku ileile, kile ambacho sentensi hiyo haikuthibitisha. Maprofesa wa Berlin walinyamaza, na wengi wao hawakunyamaza tu, walikaa kwenye mabaraza ya kuamua nani afungwe uzazi.

Mwalimu wa Tandika

Ninawashukuru wote. Jana nilitumia jaribio la Daktari darasani, kisha nikawaeleza kwamba Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayohifadhi mafuvu hayo, ambayo yaliyotoka Afrika Mashariki ni zaidi ya 1,000, ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa walio hai hapa Tanzania, na kwamba fuvu moja limelingana na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Nilidhani nimepata mfano mzuri: elimu ya urithi ambayo Fischer aliitumia kuwagawa watu ndiyo iliyomrudishia mtu jina lake na wajukuu zake.

Binti yule alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono. Alisema kwamba anakubali kuiachilia nadharia, kwa kuwa hata kipimo hicho kimetoka kwake. Ila akauliza kwa nini mafuvu yalikaa kwenye rafu zaidi ya miaka 100, ilhali sayansi iliyoyahitaji ilikwisha kufa zamani na hakuna tena aliyekuwa akiyapima. Nimemwahidi jibu wiki ijayo, nami nimeanza kuandika majina ya wale waliokuwa na funguo.