Jardin na cour: kulia ni kwa nani, kwa mwigizaji au kwa mtazamaji?

mwanakulisi_Lshi
Wakubwa, salamu kutoka Lubumbashi. Tuko mwaka wa kwanza wa maigizo. Mwalimu anatupanga jukwaani kwa Kifaransa (jardin, cour, lointain), lakini kitabu tunachosoma kimeandikwa Tanzania, nacho kinasema kulia na kushoto kwa jukwaa. Akiita "tokea jardin", nusu wanakwenda huku, nusu kule. Ni upande gani? Na tuandikeje kwenye maandishi ya mchezo? Pia "top" ya rejisa (anayetoa amri za taa na sauti wakati wa onyesho) sijaielewa vizuri.

FundiPazia
Mdogo wangu, kaa kwenye kiti cha mtazamaji. Kushoto kwako ni jardin, kulia kwako ni cour, hata mwigizaji ageuke mara ngapi. Wengi hukumbuka kwa J.C., Jésus-Christ, ukisoma jukwaa kuanzia kushoto. Kitabu chenu kinahesabu kwa mkono wa mwigizaji anayewatazama watu, kwa hiyo "kulia kwa jukwaa" ndiyo jardin. Waigizaji wenu hawana kosa, ni hesabu mbili zinagongana. Shikeni ile ya mwalimu, mkibadilisha kitabuni kwa penseli.

Majina hayo ni ya Paris. Mwaka 1770 Comédie-Française, kundi la maigizo la huko, ilihamia jumba la Tuileries: upande mmoja wa ukumbi bustani (jardin), upande mwingine ua (cour). Zamani zake walisema upande wa mfalme na upande wa malkia.

Lointain ni nyuma kabisa, karibu na ukuta. Face ni mbele, karibu na watu. Mwalimu akisema "panda", nenda nyuma. "Shuka", njoo mbele. Majukwaa ya kale yaliinama kweli, kama sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Sakafu ya darasa lenu ni tambarare, lakini neno limebaki.

yaya_wa_mazoezi
Kuandika: pembeni mwa mstari, penseli tu, maana mpango hubadilika kila siku. J, C, L, F na mshale vinatosha. "Anapanda JL" = anakwenda nyuma upande wa jardin. Alama ikae juu ya neno lenyewe ambapo mguu unaanza kusogea. Ukiiweka mwisho wa sentensi, mwenzako atakusubiri bure.

Sakafuni, pimeni upana wa jukwaa halisi, gaweni kwa mbili, wekeni alama ya katikati, ndipo mpime kila kitu kutoka hapo. Darasa likiwa jembamba, msipunguze vipimo: chora upande mmoja wote, huo mwingine ufanyieni mazoezi siku nyingine. Mkifinya jukwaa, hatua tano zinakuwa tatu, na siku ya onyesho mwigizaji anafika kabla maneno hayajaisha. Kwa meza na viti, alama ya pembe kwenye miguu ya nyuma tu, watu wasiione. Saruji ya vumbi ifuteni kwa kitambaa chenye maji, iacheni ikauke, la sivyo utepe wa gundi utabanduka kabla ya saa sita.

Na kulisi, yaani pembeni mwa jukwaa mnaposubiri kutokea: ukimwona mtazamaji, naye anakuona. Rudi nyuma.

FundiPazia
Naongezea: usitamke "kamba" (corde) mbele ya mafundi wa Kifaransa. Sema "fil" au "guinde". Ni mwiko wa zamani, na wengine hukutoza kinywaji.

taa_na_sauti
Top ni amri ya kutenda, si onyo. Rejisa anaanza na "jiandae, taa 12", fundi anajibu "tayari", kisha kimya, kisha "top". Katika onyesho lote neno hilo lisitumike kwa kitu kingine. Rejisa akinong'ona "top ya 13 bado", fundi ameshabonyeza.

Karatasi ya rejisa iwe na safu nne: namba, neno linaloitangulia, kinachotendeka, sekunde ngapi. Acheni namba wazi (10, 20, 30) ili mkiongeza taa katikati iwe 15, msiandike upya yote.

mwanakulisi_Lshi
Asanteni. Na italienne? Tumeambiwa ni kesho.

yaya_wa_mazoezi
Mnasema maneno yote haraka, mmekaa, bila kuigiza. Ni kupima kumbukumbu na kupokezana. Filage ndiyo kupitisha mchezo mzima bila kusimama. Hapo rejisa anashika saa. Couturière ni mazoezi ya mavazi, halafu générale, mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho. Kesho leteni maandishi, ila mtu mmoja tu ayafungue, wa kukumbusha. Wote mkiyafungua, mtakuwa mnasoma.