Mrejesho: bomba la maji yanayorudi boila kutoboka

Wakuu, niliuliza kwa nini bomba la kurudisha maji ya mvuke uliopoa linatoboka mwisho wa laini tu, ilhali morfolini, dawa ya kuzima asidi ndani ya bomba, tunaweka kila siku. Asanteni sana, majibu yenu yametuokoa.

Tulipima pH (chini ya 7 ni asidi): karibu na boila 8.6, mwisho wa laini 5.9. Aliyetaja uwiano wa mgawanyo, yaani dawa inayokwenda na mvuke ikilinganishwa na inayobaki majini, alilenga penyewe. Wa morfolini ni takriban 0.4, yaani hupenda kubaki majini, hivyo inashuka na matone ya kwanza. Kabonidioksaidi itokanayo na bikaboneti ya maji ya kisima inaendelea na mvuke hadi mwisho, na huko inageuka asidi. Kipande tulichokata kilikuwa na mfereji chini, kama kimechongwa kwa patasi.

Sasa tumechanganya na sikloheksilamini, dawa ya aina hiyohiyo ambayo uwiano wake ni karibu 4, yaani hupenda kwenda na mvuke, na pH ya mwisho wa laini inasoma 8.4. Salfaiti na fosfeti, dawa za maji ya ndani ya boila, hatukuzigusa, hizo hazipandi na mvuke.

Wa viwanda vya maziwa msiige! Kanuni za Marekani zinakataza amini hizi mbili, morfolini na sikloheksilamini, pale mvuke unapogusa maziwa.